Video zilisafirije kabla yetu? Kutoka ndege za kutawazwa Malkia hadi basi la Bukoba

Najua nimekuwa kimya, chumba cha habari kilinimeza wiki mbili nzima. Leo siandiki siasa. Kijana mmoja anayefanya mafunzo kwa vitendo pale gazetini aliniuliza: hivi kaka, kabla ya intaneti, mpiga picha aliyekuwa Nairobi alikuwa anamfikishiaje mhariri wa London video yake? Nikamjibu, "kwa ndege," tukaendelea na kazi. Ila swali liligoma kuondoka kichwani. Nikaanza kusoma, na nilichokikuta nimeona si haki nikae nacho peke yangu.

Tuanzie tarehe 2 Juni 1953. Siku hiyo Elizabeth wa Pili alitawazwa kuwa Malkia wa Uingereza, na BBC walirusha sherehe moja kwa moja. Waingereza waliona. Lakini Canada nako kulikuwa na televisheni, na watu wake walitaka kuona siku ileile, siyo wiki ijayo. Chini ya bahari ya Atlantiki hapakuwa na waya wa kubeba picha za televisheni, na angani hapakuwa na setilaiti hata moja. Wakafanyaje? Walirekodi matangazo kwenye filamu, wakaisafisha, wakaikabidhi kwa ndege za kivita za Uingereza aina ya Canberra. Ndege zikavuka bahari hadi Goose Bay, huko Labrador, na kutoka hapo jeshi la anga la Canada likaikimbiza filamu mpaka Montreal. Canada iko nyuma ya London kwa saa kadhaa, kwa hiyo jua la Montreal lilikuwa halijazama wakati picha zinaonekana. Mabomu yalitolewa, filamu zikaingia. Huo ndio ulikuwa "mtandao wa kasi" wa mwaka 1953.

Miaka mitatu baadaye, Septemba 1956, ulifunguliwa mkongo wa kwanza wa simu chini ya Atlantiki, ulioitwa TAT-1. Ulikuwa na uwezo wa kubeba mazungumzo 36 kwa wakati mmoja. Picha ya televisheni ilikuwa kubwa mno kwake, sawa na kutaka kupitisha lori kwenye uchochoro wa Kariakoo. Lakini wahandisi wa BBC hawakukata tamaa. Mwaka 1959, Malkia alipokwenda Canada, walijaribu njia nyingine: kama picha haipiti kwa haraka, basi ipite polepole. Wakapunguza ubora wa picha, wakaigeuza kuwa mawimbi yanayolingana na sauti ya simu, wakaituma kidogo kidogo. Filamu ya dakika moja ilichukua kama dakika mia moja kufika upande wa pili, yaani saa moja na dakika arobaini.

Msomaji, hebu soma tena sentensi hiyo. Dakika moja ya picha, dakika mia za kusubiri. Wewe uliyewahi kukaa mbele ya kompyuta ukiangalia asilimia zinapanda kama konokono, ujue una ndugu zako wa mwaka 1959. Na mbinu waliyotumia ni ileile tunayotumia leo: punguza ubora, ongeza subira.

Kisha ikaja setilaiti. Telstar ilirushwa tarehe 10 Julai 1962, na kwa mara ya kwanza picha za televisheni zikavuka Atlantiki papo hapo. Ila Telstar ilikuwa inaizunguka dunia kwa kasi, na kila ilipopita juu ya bahari ile ilipatikana kwa takriban dakika 20 tu, halafu inatokomea. Mwaka 1965 ikafuata Early Bird, iliyokaa mahali pamoja juu ya Atlantiki. Hiyo iliweza kubeba simu 240 au chaneli moja ya televisheni. Zingatia neno "au". Ukitaka kupitisha picha, simu zinasimama, na lazima mtu alipie simu zote hizo ambazo hazikupigwa. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini setilaiti haikuua ndege. Ilikuwepo, lakini ilikuwa ya wenye nacho, na kwa habari chache zilizoonekana nzito. Wapiga picha wa vita vya Vietnam waliendelea kupeleka filamu zao uwanja wa ndege wa Saigon.

Na hapo uwanja wa ndege palikuwa na utaratibu ambao wazee wa kazi hii wanaujua. Mwandishi anafika na mfuko wake wa filamu, anawatazama abiria waliopanga foleni, anamchagua mwenye uso wa upole. "Samahani ndugu, unakwenda London? Naomba unibebee mzigo huu mdogo, kuna mtu atakupokea." Waandishi wa Kiingereza walikuwa na jina la abiria wa namna hiyo: njiwa. Lishike neno hilo, tutalirudia.

Sasa tuje nyumbani. Kenya ilifungua kituo cha setilaiti cha Longonot, kule Bonde la Ufa, mwaka 1970. Tanzania Bara sisi televisheni yenyewe tulingoja hadi 1994, ingawa ndugu zetu wa Zanzibar walitutangulia kwa miaka ishirini hivi. Katika mazingira hayo alifanya kazi mtu ambaye kila mwandishi kijana wa Afrika Mashariki anapaswa kumjua: Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akaanzisha kampuni yake ya Camerapix hapahapa Dar es Salaam mwaka 1963. Baadaye akahamia Nairobi, akawa mpiga picha wa Visnews, shirika la London lililosambaza picha za habari kwa vituo vya televisheni duniani, na ambalo baadaye lilichukuliwa na Reuters. Mzee Amin alikuwa stadi wa kamera, lakini alikuwa stadi pia wa njia. Alijua ndege ipi inaondoka saa ngapi, nani anakaa ofisi gani, kibali kipi kinatolewa na nani.

Oktoba 1984 Amin na Michael Buerk wa BBC waliingia kaskazini mwa Ethiopia, Korem na Makalle, ambako njaa ilikuwa inaua watu kila usiku. Walichorekodi hakihitaji maelezo yangu. Kanda zikasafirishwa kwa ndege hadi London, na tarehe 23 Oktoba 1984 BBC wakazionyesha. Marekani nayo ikazipata kupitia NBC. Vituo zaidi ya mia nne duniani vikazirusha. Kabla mwaka haujaisha wanamuziki wa Uingereza walikuwa wamerekodi wimbo wa kuchangia, na Julai 1985 likafanyika tamasha la Live Aid, London na Philadelphia kwa siku moja, likirushwa dunia nzima kwa setilaiti.

Hapa ndipo ninapotaka tutafakari kidogo. Njaa ile haikuanza Oktoba 1984. Watu walikuwa wanakufa kabla ya hapo, na serikali na mashirika ya misaada yalikuwa yanajua. Kilichobadilika ni kwamba picha zilipata njia. Na njia yenyewe ilikuwa moja: lazima ziende London kwanza. Kutoka London ndipo zikarudi kwetu Afrika, tayari zimekatwa, zimewekewa maneno na sauti ya mtu wa huko. Sisemi Buerk alifanya vibaya, taarifa yake iliokoa maisha. Nasema mwenye njia ndiye anayeamua kipi kinabaki na kipi kinaachwa kwenye sakafu ya chumba cha kuhariri. Mfikirie mtu wa Asmara, Khartoum au Dodoma aliyetaka kuona picha za jirani yake: alizipata kutoka umbali wa maelfu ya kilomita, kama zimefika.

Mzee Amin alilielewa hilo. Alitunza kazi zake, na hazina ya Camerapix ilibaki Nairobi, ikiendelezwa na mwanawe Salim baada ya baba kufariki katika ajali ya ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na Comoro, tarehe 23 Novemba 1996.

Haya, tuendelee. Wenye fedha wao walianza mapema kufanya kazi pamoja wakiwa mbalimbali. Mwaka 1993 Steven Spielberg alikuwa Kraków, Poland, akipiga filamu ya Schindler's List. Wakati uleule filamu yake nyingine, Jurassic Park, ilikuwa haijakamilika, na mafundi wa dinosaria wa Industrial Light & Magic walikuwa California. Mchana anapiga filamu ya mauaji ya Wayahudi, akimaliza anatazama dinosaria waliotumwa kwa setilaiti na kuwaambia mafundi hapa sawa, pale rudieni. Jurassic Park ikatoka Juni mwaka huohuo. Zingatia kwamba kilichotumwa Kraków hakikuwa filamu halisi yenye ubora wa sinema. Ilikuwa picha ya kutosha kumwezesha mkurugenzi kuamua. Filamu yenyewe ilibaki California. Siri hiyo nitairudia, maana inatusaidia sisi tusio na fedha.

Kwenye kompyuta nako mambo yalikuwa yameanza zamani kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwaka 1971 kijana wa Kihindi aliyekuwa akisoma MIT, Abhay Bhushan, aliandika kanuni za kwanza za kuhamisha mafaili kati ya kompyuta mbili zilizo mbali, zile tunazoziita FTP. Mwaka 1996 Andrew Tridgell na Paul Mackerras, huko Australia, wakatoa rsync, programu inayolinganisha nakala mbili na kutuma tofauti tu badala ya faili zima. Mwaka 2001 Bram Cohen akaleta BitTorrent, inayokata faili vipande vipande ili kila aliyepata kipande awagawie wenzake. Dropbox ikafunguliwa 2008, WeTransfer 2009. Hawa wote walikuwa wanahangaika na tatizo lilelile la TAT-1: mzigo mkubwa, njia nyembamba, na njia yenyewe inakatika katikati ya safari.

Tupige hesabu kidogo, msiogope. Kanda ya MiniDV ya saa moja, ambayo wapiga video wa harusi wa miaka ya 2000 waliitumia sana, ikiingizwa kwenye kompyuta inachukua kama gigabaiti 13. Sasa chukua intaneti ya kilobiti 128 kwa sekunde, ambayo kwa ofisi ya Dar ya wakati ule ilikuwa si haba. Gigabaiti 13 ni kama biti bilioni 104. Gawa kwa 128,000. Unapata sekunde laki nane na ushee, yaani siku tisa na zaidi, mchana na usiku, bila umeme kukatika hata mara moja. Tena Dar es Salaam! Na wakati huo intaneti yetu ilikuwa inapitia setilaiti zilizo kilomita karibu 36,000 juu. Kompyuta inayotuma hungoja mwenzake athibitishe kwamba amepokea, na uthibitisho huo nao unapanda mbinguni na kushuka, zaidi ya nusu sekunde kwa kila mzunguko. Kwa hiyo hata aliyenunua njia pana alitumia muda mwingi akisubiri jibu.

Sasa rudini kwa njiwa. Septemba 2009, kampuni moja ya Afrika Kusini iliyochoshwa na kasi ya intaneti yake ilimchukua njiwa wa kweli, mwenye manyoya, aitwaye Winston. Wakamfunga kadi ya gigabaiti 4 mguuni, wakamwachia kutoka Howick kuelekea Hillcrest, karibu na Durban. Papo hapo wakaanza kutuma data zilezile kwa intaneti. Winston aliruka kwa saa moja na dakika nane. Ukijumlisha na muda wa kunakili kadi kwenye kompyuta ilikuwa saa mbili na dakika saba hivi. Intaneti wakati huo ilikuwa imefikisha asilimia nne.

Watu walicheka, lakini wanasayansi hawacheki. Mwaka 2017 darubini za redio kutoka sehemu mbalimbali za dunia zilielekezwa kwenye shimo jeusi lililo katika galaksi ya M87. Data zilikuwa nyingi kiasi kwamba hazikutumwa kwa intaneti. Diski zenye uzito wa takriban nusu tani zilisafirishwa kwa ndege hadi Marekani na Ujerumani, na zile za Ncha ya Kusini zilisubiri miezi hadi majira ya baridi yaishe ndipo ndege ziweze kutua. Picha ikatolewa tarehe 10 Aprili 2019. Kwa hiyo ukimwona mtu anampa kondakta diski, usimcheke, yuko pamoja na wanafizikia wakubwa.

Julai 2009, miezi miwili kabla ya Winston, mkongo wa SEACOM ulianza kazi na kufika Dar es Salaam. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Nakumbuka wakubwa wakisema intaneti itakuwa bure, kitu ambacho hakikutokea. TEAMS ukaiunganisha Mombasa na Fujairah mwaka huohuo, na EASSy ukafuata 2010. Kabla ya hapo pwani yetu yote ilikuwa inategemea setilaiti. Kwa mara ya kwanza video iliyopigwa Dar ingeweza kwenda popote bila kumwomba abiria mpole uwanja wa ndege, na bila kupita mezani kwa mhariri wa London.

Lakini mkongo unafika ufukweni, na nchi ni kubwa. Niwape mfano wangu mwenyewe. Mimi na rafiki yangu tuliyesoma naye chuo tunarekodi wazee waliokuwa Kagera wakati wa vita vya 1978 na 1979. Yeye anaishi Bukoba, anapiga video. Mimi niko Dar, nahariri usiku nikitoka kazini. Siku moja ya mahojiano inatoa kama gigabaiti 64. Kwa kasi ya kupandisha aliyonayo kule kijijini, megabiti 2 kwa sekunde siku ikiwa njema, ni saa 71. Siku tatu, na kifurushi kinakwisha kabla ya siku ya kwanza. Basi la Bukoba hadi Dar, tuseme saa 30 pamoja na kuchelewa kwake, likibeba gigabaiti 64 lina kasi ya megabiti karibu 4.7 kwa sekunde. Likibeba diski ya terabaiti moja kasi inafika megabiti 74. Hakuna kifurushi cha simu kinachonipa hiyo kule Misenyi.

Kwa hiyo tumejipangia utaratibu, na sasa mtaona tumeuiba wapi. Kwanza anatengeneza nakala nyepesi za video, ubora wa chini, ananitumia kwa simu usiku bei ikiwa nafuu. Nakata na kupanga kwa kutumia hizo. Hiyo ni Kraków ya 1993, na BBC ya 1959. Pili, diski yenye video halisi inakuja kwa basi. Ikifika, kompyuta inabadilisha nakala nyepesi na kuweka zile halisi, mkato unabaki uleule. Tatu, haruhusiwi kufuta kitu chochote kwake mpaka nimwambie nimefungua kila faili na namba ya uhakiki imelingana na yake.

Sharti hilo la tatu mwanzoni aliliona ni usumbufu, maana kadi ni ghali. Kisha ikatokea safari moja mzigo ukafika umelowa. Ofisi ya basi ikasema mzigo ulipakiwa vizuri, kilichotokea njiani hawakijui. Diski haikusoma. Ndani yake mlikuwa na mahojiano ya saa mbili ya mzee mmoja wa Misenyi, aliyetueleza jinsi alivyowatoa watoto wa jirani yake usiku wa uvamizi. Wakati mzigo uko njiani mzee yule alifariki. Rafiki yangu alikuwa hajafuta. Familia ilitupigia wiki mbili baadaye kuuliza kama sauti ya baba yao ipo, tukawaambia ipo, na tukawapelekea nakala kabla hata sisi hatujaimaliza filamu yetu.

Ndiyo maana naona historia hii siyo ya mitambo tu. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu baharini, na Tanzania, Kenya na majirani tukarudi enzi za konokono kwa siku kadhaa. Watu waligundua siku ile kwamba kila kitu chao kiko kwa mtu mwingine, ng'ambo, na waya umekatika. Njia ya kutuma ni muhimu, lakini haitoshi. Mohamed Amin alituma London na akabaki na vyake Nairobi. Sisi wa leo tunatuma kila kitu kwenye "wingu", tunafuta kwenye simu ili tupate nafasi, na hatujui wingu hilo liko nchi gani wala lini litaanza kudai ada.

Wazee wetu wanaondoka kila siku na hadithi zao. Kama unarekodi, tuma kwa njia yoyote uliyonayo: mkongo, basi, njiwa ukimpata. Lakini nakala ya kwanza ibaki nyumbani kwako, na ya pili kwa wenye hadithi. Nikipata nafasi nitaandika namna tunavyozitunza diski zetu na vumbi hili la Dar. Ni hayo kwa leo, tuombe uzima.